Graviti Isiyofutika

Mimi ni mtu wa Malindi, kwa hivyo graviti niliijua kwa bamvua kabla ya kuijua kwa Einstein. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, maji hupwa hadi miamba ya mbali ikaanikwa juani, na yakija kujaa hupanda mpaka kwenye kuta za nyumba zilizo karibu na ufuo. Siku za maji mafu si hili wala lile. Kwetu hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba mwezi una mkono wake humo. Nilichokuja kujifunza ukubwani, nikiwa mbali na nyumbani, ni kwamba kupwa na kujaa ndiyo graviti yenyewe hasa, na kwamba huu uzito tunaousikia kila siku, unaotufanya tusimame njiani kubadilisha mkono ulioshika ndoo, unaweza kufutwa wote ukibadilisha tu namna unavyojiweka unapopima.

Kazi yangu ni utafiti wa nadharia ya uhusianifu wa jumla, yaani nadharia ya graviti ya Einstein, na ya ulimwengu ulipokuwa mchanga. Nikiitaja, wengine hudhani najifungia chumbani nikiwaza wakati ulianzaje, na wachache huniuliza kama bado naswali. (Naam, bado.) Mambo yenyewe ni ya chini zaidi ya hapo. Ni kurasa za hesabu zenye herufi ndogo za Kigiriki juu na chini, kompyuta ya kuhakiki, na swali moja ambalo nimelikuta kila mlango niliofungua: hiki nilichokipata kwenye karatasi kipo huko nje, au nimekizaa mimi mwenyewe kwa jinsi nilivyochagua kupima? Nimeona watu wenye akili kuliko zangu wakikwama hapo miaka. Einstein mwenyewe alikwama hapo, na nitalieleza hilo.

Lakini kwanza Ngomeni, kwa sababu watu wa kwetu wengi hawajui kwamba sayansi hii ilipita mlangoni mwao. Kaskazini ya Malindi, mbele ya kijiji hicho, kuna majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini kwa miguu mirefu. Waitaliano waliyaweka miaka ya 1960 ili kurushia roketi. Pale ni karibu na ikweta, na dunia inapozunguka, eneo hilo linakwenda mashariki kwa takriban mita 460 kwa sekunde. Roketi inayoelekea mashariki hupewa mwendo huo bure. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya NASA ilirushwa kutoka hapo, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza anga kwa miale ya eksirei, miale ambayo haipenyi hewa ya dunia, hata ungepanda mlima gani na darubini yako.

Ami yangu alikuwa kijana mvuvi wakati huo. Nilipomwuliza anakumbuka nini, alisema, "Tuliambiwa tusisogee upande ule, basi. Kikaruka, kikatokomea, tukarudi kutega." Nikamweleza kwamba kile kilichotokomea ndicho kilichowaonyesha watu njia ya kulipata shimo jeusi, mahali ambapo graviti haiachii hata mwanga kutoka. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na kijiji kilipata nini, mwanangu?" Ni swali la haki kabisa, na ningependa nilisikie mara nyingi zaidi kwenye mikutano yetu.

Uhuru iliona kwamba chanzo kimoja cha eksirei, Cygnus X-1, kinapepesa kwa kasi, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kitu hakiwezi kubadilika chote kwa pamoja haraka kuliko muda ambao mwanga unahitaji kukivuka, kwa hivyo ilibidi kiwe kidogo. Punde wanaastronomia wakatambua nyota kubwa ya buluu inayozungukana na mwenzi asiyeonekana kila siku 5.6, na hesabu ikaonyesha kwamba mwenzi huyo ni mzito kupita nyota yoyote ya nyutroni, yaani mabaki ya nyota yaliyosongamana mno. Leo anakadiriwa kuwa na uzito wa Jua mara 21. Mwanafizikia Stephen Hawking aliwekeana dau na mwenzake Kip Thorne akisema si shimo jeusi. Mwaka 1990 akakubali kushindwa. Alieleza kwamba dau lile lilikuwa bima yake: kama mashimo meusi yasingekuwepo, kazi yake ingekwenda na maji, lakini angalau angefarijika kwa kushinda.

Trieste, Italia, nilifika kwa udhamini wa ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964. Salam, Mpakistani aliyeshiriki Tuzo ya Nobeli ya 1979, alikuwa amejionea upweke wa mwanafizikia wa nchi maskini: huna wa kuzungumza naye, huna majarida, na mwishowe unachagua ama nchi yako ama kazi yako. Alitaka pawe na mahali pa kuja kuchota na kurudi. Kiitaliano changu kilikuwa kile cha ufuoni Malindi, cha kuuzia vinyago na kuelekezea watalii, na kilinifaa sokoni kuliko darasani. Darasani tulikuwa Wasudani, Wavietinamu, Wakuba, Wanepali, kila mmoja akiwa ndiye aliyeongoza darasa lake kwao, na kila mmoja akigundua wiki ya kwanza kwamba hilo halimsaidii kitu. Jambo lililotusaidia ni kukaa mezani pamoja na kuulizana maswali ya kitoto bila haya. Nimepita vyuo vyenye fedha zaidi tangu hapo ambako swali la kitoto linamgharimu mtu heshima, na huko nimejifunza kidogo.

Mwalimu wetu wa uhusianifu alianza na mwaka 1907, Einstein akiwa karani wa ofisi ya hataza mjini Bern, alipowaza kwamba mtu anayeanguka kutoka darini hausikii uzito wake. Ukianguka pamoja na ndoo yako, ndoo inaelea ubavuni mwako. Wanaanga walio kilomita 400 juu yetu wanaelea kwa sababu hiyo hiyo. Si kwamba graviti imekwisha kule, maana bado iko karibu asilimia 90 ya hii ya chini. Wanaanguka tu, wao na chombo chao, wakiizunguka dunia. Basi ikiwa uzito unafutika kwa kuanguka, ni nini kinachobaki cha kuitwa graviti?

Kinachobaki ni tofauti. Dunia nzima inauangukia mwezi, na kule kuanguka kunaufuta mvuto wa mwezi pale kitovuni. Lakini upande unaouelekea mwezi unavutwa zaidi kidogo kuliko kitovu, na upande wa nyuma unavutwa pungufu kidogo. Tofauti hiyo haifutwi kwa kuanguka wala kwa hila yoyote ya kupima. Ndiyo inayoyanyanyua maji pande mbili za dunia, na ndiyo sababu bahari yetu hujaa mara mbili kwa siku. Katika hesabu ya Einstein tofauti hiyo inabebwa na kitu kiitwacho tensa ya Riemann, yaani mkunjo wa nafasi na wakati. Nilikaa pale na daftari langu nikiwaza kwamba mababu zangu walipanga safari zao zote za ngalawa kwa tensa ya Riemann.

Tangu siku ile nilianza kuisoma historia ya fani hii kama historia ya kutenganisha vitu viwili: kilichopo, na kilicholetwa na koodineti. Koodineti ni namba tunazovipachika mahali na nyakati ili tuweze kufanya hesabu. Nadharia ya Einstein inakuruhusu kuzichagua utakavyo, na uhuru huo ndio mtego wake. Karl Schwarzschild alipata jibu kamili la kwanza la milinganyo ile akiwa jeshini upande wa Urusi, wiki chache tu baada ya Einstein kuikamilisha Novemba 1915. Mei iliyofuata alikuwa marehemu, kwa maradhi ya ngozi. Katika jibu lake kuna umbali fulani kutoka kitovuni ambapo hesabu inalipuka, kitu kinagawanywa kwa sifuri. Kwa Jua umbali huo ni kama kilomita 3. Kwa miongo kadhaa watu wakubwa waliamini kwamba pale pana ukuta halisi. Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji, alionyesha mwaka 1933 kwamba ukuta huo ni wa koodineti tu. Habari ilichelewa kusikika, hata kazi za Finkelstein mwaka 1958 na Kruskal mwaka 1960 zilipolimaliza suala.

Zoezi lililonifungua macho ni dogo, na bado nawapa wanafunzi wangu. Unaichukua tensa ya Riemann, unaizidisha kwa yenyewe hadi herufi zote ndogo ziishe, unabaki na namba moja ambayo kila mpimaji atakubaliana nayo hata akichagua koodineti gani. Pale kwenye "ukuta" namba hiyo ni ya kawaida kabisa. Kwa shimo jeusi kubwa la kutosha, ungepita mpaka huo bila hata kukohoa (kutoka ndiyo shida). Kitovuni, namba hiyo inapanda bila kikomo, na hapo hakuna koodineti za kukuokoa. Sehemu mbili zilizolipuka kwenye mlinganyo mmoja, moja ni kivuli na nyingine ni kweli, na kwa kuzitazama tu huwezi kuzitofautisha.

Sasa Einstein. Mwaka 1916 alitabiri mawimbi ya graviti. Mwaka 1922 Arthur Eddington akaonyesha kwamba kati ya aina tatu za mawimbi zilizokuwa zikitajwa, mbili ni mawimbi ya koodineti, na akasema kwa kejeli kwamba hayo husafiri kwa kasi ya fikra. Mwaka 1936 Einstein na Nathan Rosen wakaandika makala yenye hoja kwamba mawimbi hayo hayapo kabisa, kwa kuwa hesabu yao ililipuka mahali. Jarida la Physical Review likaipeleka kwa mhakiki, naye akaona kwamba mlipuko ule ulitoka kwenye koodineti. Ukichagua nyingine, unapata mawimbi yanayotoka kwenye mstari kama wa fimbo ndefu. Einstein akakasirika kwamba makala yake imeonyeshwa mtu bila idhini, akaiondoa. Mhakiki alikuwa Howard Robertson, jambo lililothibitishwa na jarida lenyewe baada ya miaka mingi, na Robertson huyo huyo ndiye aliyekuja kuifikisha hoja ile kwa upole kupitia kwa msaidizi wa Einstein. Makala ikatoka kwingine, ikiwa imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Huwa nawasimulia kisa hiki vijana wanaopokea ripoti ya mhakiki na kuona dunia imeisha.

Mabishano yalikwenda hadi mkutano wa Chapel Hill, Januari 1957. Felix Pirani alirudi kwenye ile tofauti niliyoieleza: wimbi likipita, vitu viwili vilivyo karibu vitasogeleana na kuachana. Richard Feynman akaongeza shanga mbili zilizovishwa kwenye fimbo, zinazobana kidogo. Wimbi likipita zinateleza, zinasugua, fimbo inapata moto. Moto ni nishati, na nishati haitoki kwenye uchaguzi wa namba. Tarehe 14 Septemba 2015, mikono ya LIGO, mtambo wa Marekani wa kunasa mawimbi ya graviti, yenye urefu wa kilomita 4 ilinyooka na kusinyaa kwa kiasi kidogo mara mamia kuliko protoni, kwa sababu mashimo meusi mawili, ya uzito wa Jua mara 36 na mara 29 hivi, yaligongana umbali wa takriban miakanuru bilioni 1.3. Ukiniuliza LIGO ni nini, nitasema ni mtambo wa kupima kupwa na kujaa.

Uzamivu nilifanyia Uingereza, na huko nikahamia kwenye ulimwengu mchanga. Picha yake kwa ufupi: ulimwengu ulikuwa na joto na msongamano, ukapanuka ukapoa, na ulipofikisha miaka 380,000 elektroni zikashikana na viini, mwanga ukapata njia. Mwanga huo bado upo, umepoa hadi nyuzi 2.725 juu ya sifuri halisi. Arno Penzias na Robert Wilson waliusikia kama mvumo usiokwisha kwenye antena yao huko New Jersey miaka ya 1964 na 1965, na kabla ya kuukubali waliwafukuza njiwa na kusugua kinyesi chao. Mwanga huo unakaribia kuwa sawasawa kila upande. Tofauti zake ni kama sehemu moja katika 100,000. Tofauti hizo ndogo ndizo mbegu za galaksi zote. Nadharia inayoongoza, ile ya mfumuko, yaani upanuzi wa ghafla mno mwanzoni kabisa, aliyoitangaza Alan Guth mwaka 1981 na kurekebishwa na Andrei Linde na wengine, inasema mbegu hizo zilikuwa mitikisiko ya kwanta iliyovutwa kwa ghafla mno hadi ikawa mikubwa kuliko galaksi.

Kazi yangu ilikuwa kufuata mitikisiko hiyo kwa hesabu, na hapo ule mtego wa koodineti ulinirudia kwa sura mbaya zaidi. Chukua watu wawili, mmoja Malindi na mmoja Lamu, maji yakiwa yanajaa. Wamekubaliana kupima kina saa sita kamili. Saa ya mmoja iko mbele kwa dakika 20. Watakapolinganisha vipimo wataripoti kwamba bahari imeinama kutoka Lamu hadi Malindi, na hakuna aliyepima vibaya. Mwinamo wote umetokana na saa. Ulimwengu unaopanuka ni hivyo hivyo. Wastani wa msongamano unashuka kila dakika, kwa hivyo ukichagua "sasa" tofauti kidogo mahali na mahali, unajitengenezea mbegu za galaksi ambazo hazipo. Uchaguzi huo wa "sasa" tunauita geji. Evgeny Lifshitz ndiye aliyeianzisha hesabu hii mwaka 1946, na kwa miaka zaidi ya 30 fasihi ya somo ilijaa mitikisiko ya uongo, hadi James Bardeen mwaka 1980 alipopanga michanganyiko ya vipimo ambayo haibadiliki hata ukichezea saa vipi.

Msimamizi wangu hakuwa mtu wa maneno. Nikimpelekea matokeo, aliyarudisha na neno moja la penseli pembeni: linabaki? Maana yake nifanye hesabu yote upya katika geji nyingine, kutoka mwanzo, bila kuchungulia ya kwanza. Nilifanya katika geji ya Newton, halafu katika ile ya sinkroni, na wiki nzima ilikwenda kwenye kiambajengo kimoja kisichokubali kufutana. Nilimchukia mwaka wa kwanza. Leo hesabu iliyofanywa katika geji moja tu siiamini, iwe imeandikwa na nani. Nazo programu za kompyuta zinazopanga tensa zimeokoa mikono yetu, ila zinakupa jibu sahihi la swali ulilouliza, na kama swali lilikuwa la saa za watu wawili waliotofautiana, jibu litakuja vile vile, safi na lisilo na kazi.

Kuna mfano wa angani ambao naupenda kwa kuwa hauna hesabu ngumu. Ramani ya ule mwanga wa kale, kabla ya kusafishwa, ina upande mmoja wenye joto zaidi na upande wa pili baridi zaidi, kwa kadiri ya sehemu moja katika 1,000. Ni kubwa mara mia kuliko mbegu zenyewe! Sababu ni kwamba Jua na sisi tunakwenda kwa takriban kilomita 370 kwa sekunde kuelekea upande ule. Ni mwendo wetu umejichora mbinguni. Unaondolewa kwenye ramani kabla ya mtu yeyote kuzungumza juu ya mwanzo wa ulimwengu.

Tarehe 17 Machi 2014 nilikuwa naandika tasnifu wakati kikundi cha BICEP2, chenye darubini yake Ncha ya Kusini, kilipotangaza kwamba kimeona alama ya mawimbi ya graviti ya wakati wa mfumuko, mzunguko fulani katika mwelekeo wa mtetemo wa mwanga ule wa kale. Chumba cha semina kilijaa hadi watu wakasimama koridoni. Video ya Linde akigongewa mlango na kupewa habari, shampeni ikifunguliwa, ilizunguka dunia nzima. Ndani ya miezi michache zikatoka makala mamia za nadharia. Kisha setilaiti ya Planck ikaonyesha kwamba vumbi la galaksi yetu wenyewe linaweza kutoa alama ile ile, na mwanzoni mwa 2015 vikundi vyote viwili vikatangaza pamoja kwamba ushahidi wa mawimbi hayo haupo tena. BICEP2 walikuwa wametazama kwa masafa mamoja, 150 GHz. Planck ilikuwa na 353 GHz, ambako vumbi linang'aa zaidi.

Wengi walikicheka kikundi kile. Mimi siwacheki. Alama waliyoiona ilikuwepo, na bado ipo, na chombo chao kilikuwa bora kuliko vyote vya wakati wake. Kilichokosekana ni mpimaji wa pili mwenye jicho tofauti, na yeye akaja. Waliostahili kuchekwa kidogo ni sisi wa nadharia, tuliokuwa na mfuko uliojaa modeli za mfumuko kiasi kwamba jibu lolote lingetoka angani, mmoja wetu angesema alilitabiri. Mwaka 2021 darubini zilizofuata zikabana kiasi cha mawimbi hayo chini ya 0.036 kwenye kipimo ambacho BICEP2 ilikuwa imetaja 0.2, na modeli kadhaa za vitabuni zikafa kimyakimya.

Modeli yangu mimi haikufa kimyakimya. Baada ya uzamivu nilikuwa katika kundi linalofanyia kazi nadharia mbadala za graviti, tukijaribu kueleza kwa nini upanuzi wa ulimwengu unaongeza kasi, jambo lililogunduliwa mwaka 1998, bila kuingiza kwa mkono nishati ya giza, ile nishati isiyojulikana inayodhaniwa kuusukuma upanuzi huo. Msingi wake ulikuwa milinganyo aliyoichapisha Gregory Horndeski mwaka 1974, mtu ambaye baadaye aliacha fizikia akawa mchoraji. Milinganyo ile ililala miongo mitatu karibu bila kusomwa, ikaamshwa, na kwa miaka michache ikawa mtindo. Katika matawi yake mengi, mawimbi ya graviti hayaendi kwa kasi ya mwanga.

Tarehe 17 Agosti 2017 nyota mbili za nyutroni ziligongana umbali wa takriban miakanuru milioni 130. LIGO na Virgo, mtambo mwenzake wa Italia, zikasikia mawimbi. Baada ya sekunde 1.7 setilaiti ya Fermi ikaona mwako wa miale ya gama. Safari ya miaka milioni 130, na tofauti ya kufika ni sekunde 1.7. Kasi mbili hizo hazitofautiani hata kwa sehemu chache katika milioni bilioni. Habari ilipotangazwa rasmi Oktoba, matawi mengi ya milinganyo ya Horndeski yalikatwa kwa wiki moja, letu likiwemo. Nilimpigia mama simu nikamwambia kazi ya miaka yangu imekwisha. "Wamekufukuza?" akauliza. Nikamwambia hapana, mshahara upo, ni nadharia iliyofutwa. "Sasa si utaandika nyingine?" Akaendelea na habari za harusi ya binamu.

Sikuona uchungu niliotarajia, na nimefikiri kwa nini. Kifo kile kilikuwa kisafi. Ishara mbili zimetoka mahali pamoja, zimefika mahali pamoja, na kati yake kuna sekunde 1.7 ambazo hakuna koodineti ya kuzigeuza. Kwa miaka nilikuwa nimekimbizana na vitu vinavyobadilika ukivigusa, hiki hakikubadilika. Walioumia ni vijana waliokuwa katikati ya tasnifu zao juu ya modeli hizo, na hapo nina lawama yangu. Fani yetu huwapa wanafunzi mada inayovuma bila kuwapa ufundi utakaodumu baada ya mada kuzama. Waliokuwa wamefundishwa kufanya hesabu ya mitikisiko kwa mikono yao walihamia kwingine ndani ya miezi. Waliojua modeli tu walitafuta kazi benki. Nao wanalipwa vizuri, nisiwaonee huruma kupita kiasi.

Siku hizi nakwenda Kigali kufundisha kozi fupi katika EAIFR, taasisi ya Chuo Kikuu cha Rwanda inayoshirikiana na ICTP. Mihadhara ni kwa Kiingereza, lakini ubao ukishafutwa, mtu wa Bujumbura, wa Bukavu, wa Mwanza na wa kwetu Pwani wanaendelea kubishana kwa Kiswahili, kila mmoja na chake, na hesabu haijalalamika bado. Tunafanyia kazi mawimbi ya graviti yanayozaliwa na mitikisiko ya msongamano yenyewe. Mtikisiko mmoja peke yake hauzai wimbi. Mitikisiko miwili ikizidishwa inazaa. Mada ilichangamka zaidi Juni 2023, vikundi vya Marekani, Ulaya, India, Australia na China vilipotangaza dalili za mvumo wa mawimbi marefu mno, uliopimwa kwa kufuatilia kwa miaka mingi mapigo ya pulsa, nyota za nyutroni zinazozunguka na kutoa mapigo ya redio kwa mpangilio kama wa saa. Wengi wanadhani chanzo ni mashimo meusi makubwa yanayozungukana katikati ya galaksi. Sehemu yake kuwa ya ulimwengu mchanga ni uwezekano ambao haujafungwa.

Tatizo ni kwamba katika hesabu ya ngazi hii ya pili, nguvu ya mawimbi hayo inatofautiana kwa geji. Makala za miaka ya karibuni zimetoa majibu mbalimbali kwa swali moja, na zote zimehakikiwa. Mwanafunzi mmoja aliziweka tatu mezani, akazisoma zote, akaniuliza, "Sasa dada, nani kati ya hawa amepatia?" Nilimwambia aache kuhesabu wimbi, ahesabu kile ambacho pulsa inatupa: mapigo yamewahi au yamechelewa kwa kiasi gani kwenye saa moja, hapa duniani, katika kila geji aliyoikuta humo. Ameanza na geji ya Newton. Mlinganyo wake ulikuwa na viambajengo vinavyojaza kurasa, na hadi juzi nusu yake vilikuwa vimefutana.